Kuchagua timu ya kaunti ya kikapu ya vijana, na kuilea hadi ikomae

Kila mchujo wa kikapu, kuanzia Kisumu hadi Nakuru, una yule mvulana wa miaka 13 mwenye kimo cha sentimita 180 anayewekwa kikosini kabla hajagusa mpira. Anapangwa chini ya ringi, anaambiwa asidunde, ainue mikono tu, na timu inashinda. Akifika miaka 17, wenzake wamemfikia kwa kimo na wanadunda kwa mikono yote miwili, naye bado anajua kuinua mikono. Kosa si lake. Aliyemchagua aliuona mwili wa leo akadhani ameona mchezaji wa kesho.

Mwongozo huu ni wa kocha au mwalimu wa michezo aliyepewa jukumu la timu ya kaunti au ya kaunti ndogo, wachezaji wa miaka 12 hadi 18, wavulana na wasichana.

Tarehe, mahali na fomu

Kikapu cha shule za sekondari huchezwa muhula wa kwanza, kutoka kaunti ndogo hadi taifa. Kwa hiyo mchujo wa likizo ya Aprili huwakuta waliofika mbali wakiwa wamechoka, wengine vifundo vimevimba, huku waliotolewa mapema wakiwa hawajacheza kwa majuma kadhaa. Likizo ya Agosti ni bora. Katikati ya muhula usijaribu kabisa, kwa sababu shule nyingi za bweni hazitawaachilia wanafunzi, na utakaowapata ni wa kutwa wa mjini.

Usiweke mchujo mmoja mjini saa mbili asubuhi ukaita huo mchujo wa kaunti. Mtoto wa Muhoroni au Nyakach hafiki Kisumu saa hiyo bila kulala kwa mtu, na nauli ya kwenda na kurudi ndiyo itakayoamua nani ana kipaji. Peleka mchujo wa awali kwao: Ahero, Maseno na Muhoroni kwa Kisumu, Mumias, Butere na Malava kwa Kakamega, Naivasha, Njoro na Molo kwa Nakuru. Wa mwisho ndio ufanyike mjini, na waliofuzu walipiwe nauli. Bajeti ikiwa ndogo, punguza jezi kabla ya kupunguza nauli.

Fomu ya mtoto iwe na jina, tarehe ya kuzaliwa pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, shule, miezi aliyocheza kikapu, majeraha ya awali, simu ya mzazi na sahihi yake ya ridhaa. Ongeza maswali mawili ambayo fomu nyingi huyasahau, na ambayo kwa ukanda wa Ziwa na Magharibi ni ya lazima. La kwanza: je, amekuwa na malaria mwezi huu? Aliyetoka kuugua huwa na upungufu wa damu, atahema baada ya dakika tano, na utamwandika mvivu. Mpangie siku nyingine. La pili: je, kuna siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, nyumbani? Mwenye ugonjwa wenyewe aje na barua ya daktari. Aliyerithi jeni moja tu anaweza kucheza, lakini anywe maji ya kutosha, apumzike anapoomba, na asiadhibiwe kamwe kwa mbio za kurudia-rudia.

Cheti kikague siku ile ile. Umri wa kudanganya haumwonei mpinzani peke yake. Mtoto wa miaka 14 wa kweli ndiye anayepoteza nafasi yake.

Vipimo vya mwili

Vitumie kumwelewa mtoto. Si vya kumchuja. Chora mistari ya sentimita ukutani kwa futi ya chuma, kwa sababu futi ya fundi cherehani hurefuka ikizeeka. Mtoto avue viatu, visigino na mgongo viguse ukuta, macho yatazame mbele, nawe uweke ubao wa pembe mraba juu ya kichwa. Pima watoto wote wakati ule ule wa siku: mtu hupungua karibu sentimita moja kuanzia asubuhi hadi jioni. Kisha pima kimo akiwa ameketi kwenye benchi, na urefu wa mikono ikiwa imenyooshwa kando.

Waulize wazazi vimo vyao. Kwa mvulana, jumlisha cha baba na cha mama, ongeza 13, gawanya kwa mbili. Kwa msichana, toa 13 badala ya kuongeza. Baba mwenye sentimita 178 na mama mwenye 166 wanakupa takriban 178.5 kwa mwana na 165.5 kwa binti. Makadirio hayo yanaweza kukosea kwa sentimita 8 au zaidi juu au chini, kwa hiyo ole wake kocha atakayemkata mtoto kwa sababu ya hesabu hiyo. Faida yake ni moja: mvulana wa miaka 13 mwenye sentimita 150, ambaye hesabu inampa 185, ana safari ndefu mbele yake na anastahili kusubiriwa.

Rudia kipimo kila miezi mitatu. Akiongeza sentimita 2 au zaidi katika kipindi hicho, yuko kwenye kasi ya kukua. Wasichana wengi hufika hapo karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, lakini watoto wawili wa darasa moja wanaweza kupishana miaka mitatu au minne kwa ukomavu. Huyo aliyetangulia ndiye anayeshinda kila mpira wa juu mwaka huu.

Kuna upendeleo mwingine usioonekana kwa macho, nao ni wa mwezi wa kuzaliwa. Umri ukihesabiwa kuanzia Januari 1, wa Januari amemzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, na kwa kawaida vikosi vya vijana hujaa wa mwanzo wa mwaka. Dawa yake ni rahisi: gawa namba za mgongoni kwa mpangilio wa umri. Namba 1 ni mkubwa kuliko wote, namba 24 ndiye mdogo. Waeleze wachaguaji hivyo kabla ya kuanza. Wakiona 22 anasukumana na 3 bila kurudi nyuma, watajua wanachokitazama.

Siku ya mchujo

Uwanja mmoja wenye ringi mbili unatosha watoto 20 hadi 24 kwa mara moja. Wakija 48, fanya awamu mbili za saa tatu, na si kuwapanga mstari mrefu wa layapu (kukimbilia ringi na kurusha ukiwa karibu nayo) ambamo kila mmoja anagusa mpira mara sita kwa asubuhi nzima. Wasichana waanze asubuhi angalau mara moja kati ya mbili. Mazoea ya kuwapa wavulana saa mbili na wasichana jua la saa sita la Kisumu yanatosha kueleza kwa nini wasichana "hawana pumzi".

Pima ringi kabla ya kumlaumu mrushaji. Kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu iwe mita 3.05. Ringi nyingi za shule zimeinama mbele kwa sababu ya kuning'inizwa. Mpira nao udondoshe kutoka mita 1.8 ukipima kutoka chini yake. Sehemu yake ya juu irudi kati ya mita 1.2 na 1.4. Wasichana wote watumie saizi 6, wavulana wa chini ya miaka 14 pia. Saizi 7 ni ya waliozidi hapo. Mtoto mdogo anayepewa saizi 7 iliyochakaa ikawa laini kama sabuni hurusha kutoka begani kwa mikono miwili, na tabia hiyo humchukua mwaka mzima kuiacha.

Mpango wa saa tatu uende hivi. Dakika 20 za kupasha mwili na kutua baada ya kuruka. Dakika 30 za mmoja kwa mmoja na wawili kwa wawili. Halafu saa nzima ya watatu kwa watatu katika kila nusu ya uwanja, dakika nne kwa nne, ukichanganya timu kila raundi: watoto 12 wanacheza, 12 wanapumzika. Mapumziko na maji dakika 15. Dakika 25 za somo, nitalieleza sasa hivi. Dakika 30 za mwisho ndizo za watano kwa watano. Watano kwa watano wakianza mapema, wale wa shule moja watapasiana wao kwa wao na mtoto wa Seme asiyejulikana atasimama pembeni na mikono imenyooshwa.

Somo ndilo kiini cha siku. Chagua kitu ambacho wengi hawakijui: mlinzi akiweka mkono kwenye njia ya pasi, mshambuliaji anapiga hatua moja kuelekea mpira, kisha anakata ghafla nyuma ya mlinzi kwenda ringini. Onyesha mara mbili, eleza kwa sentensi tatu, wafanye polepole dakika kumi, kisha cheza watatu kwa watatu bila kuwakumbusha. Tazama nani anaona mkono wa mlinzi na kukata mwenyewe. Tazama pia nani anajaribu, anakosea, na kujaribu tena kwa wakati unaofaa. Baadhi ya waliong'ara asubuhi kwa sababu wana kocha mzuri shuleni watapotea hapa, na mtoto wa miezi mitano ya kikapu atakushangaza. Hicho unachokiona ni kasi ya kujifunza, na kwa umri huu ina uzito kuliko anachokijua tayari.

Wachaguaji wawe wanne, kila mmoja na karatasi yake, alama 1 hadi 5, wasizungumze hadi mwisho. Safu ziwe tano tu:

– kujifunza kitu kipya
– maamuzi akiwa na mpira: anainua macho, anamwona aliye huru
– ulinzi wa mtu kwa mtu: anatembeza miguu au anashika kwa mikono
– kumalizia na kurusha
– anachofanya bila mpira, hasa baada ya kupoteza

Safu mbili za kwanza zihesabiwe mara mbili. Mwalimu asimpe alama mwanafunzi wa shule yake. Pale wachaguaji wanapopishana alama mbili au zaidi, msigawanye wastani: mwiteni mtoto huyo acheze tena dakika nane, wote wanne wakimtazama yeye peke yake.

Vipimo vya kuruka na mbio za mita 20 vinapendwa kwa sababu vina namba, na namba huonekana kama haki. Vichukue, uviweke kwenye faili, ulinganishe na vya mwakani. Mtoto aliyekomaa mapema atavishinda leo bila jasho.

Majina

Andika orodha mbili. Ya kwanza ni ya 12 watakaocheza mwaka huu. Ya pili ni ya 10 hadi 12 wa kukuzwa: waliochelewa kukua, waliozaliwa mwisho wa mwaka, walioanza juzi lakini wanajifunza haraka. Wote wafanye mazoezi pamoja. Orodha ya pili ikigeuzwa kuwa ya kubeba maji, watoto wataijua maana yake ndani ya juma moja na hawatarudi.

Majina yasibandikwe ukutani wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Kaa na kila mmoja dakika mbili, mahali pa wazi. Asiyeingia aambiwe kitu cha kufanyia kazi, kwa maneno ya kawaida: "Leo hukuingia. Mkono wako wa kushoto haudundi ukiwa mbio, na ukipokea mpira unaangalia chini kabla ya kuangalia wenzako. Hayo mawili ndiyo nitakayoyaangalia Desemba. Utaitwa." Mzazi apigiwe simu siku hiyo hiyo: "Habari za nyumbani, mzazi. Mtoto wako hakuingia kikosi cha sasa, lakini bado tunamfuatilia. Naomba asiache mazoezi ya shule." Ukiahidi kumwita, mwite.

Miaka sita inayofuata

Kati ya miaka 12 na 14 hakuna nafasi maalumu ya mtu uwanjani. Kila mtoto apandishe mpira, kila mtoto akabe mtu wake, na mrefu ndiye aongezewe zamu za kupandisha. Ulinzi uwe wa mtu kwa mtu pekee. Zoni, yaani kulinda eneo badala ya mtu, kwa umri huu hushinda kwa sababu mtoto hawezi kurusha kutoka mita 6.75, kwenye mstari wa pointi tatu, wala kupiga pasi ndefu ya kasi, kwa hiyo kocha anavuna udhaifu wa wapinzani huku wachezaji wake hawajifunzi kutembeza miguu. Katika mechi, kila mmoja acheze angalau vipindi viwili kati ya vinne, hata fainali. Kocha anayesema fainali ni tofauti amekwisha kusema timu ni ya nani.

Mazoezi ya dakika 90 yagawe hivi: 12 za kupasha mwili na kutua, 15 za kudunda, 20 za kurusha, 30 za michezo midogo, 10 za watano kwa watano, 3 za mazungumzo. Kuna mchezo mmoja unaofaa kila juma: watatu kwa watatu, kikapu cha mkono dhaifu kihesabiwe pointi tatu. Hutahitaji kuhubiri tena juu ya mkono wa kushoto.

Kurusha kuanze mita 2 kutoka ringi, sehemu tano, kurusha mara 10 kila sehemu. Arudi nyuma hatua moja tu akipata 7 kati ya 10 bila kubadili umbo. Soma makosa: mpira ukipungua mbele mara kwa mara, magoti hayakupinda au mpira ni mkubwa kwake. Ukienda kushoto na kulia, kiwiko kimetoka nje au mkono wa pili unasukuma. Hilo la pili ndilo la kurekebisha kwanza, kwa sababu upungufu wa nguvu hujiponya mtoto akikua, na kiwiko hakijiponyi.

Miaka 15 na 16, kila mchezaji apewe majukumu mawili badala ya moja, ajifunze kuweka kizuizi (kusimama kwenye njia ya mlinzi wa mwenzake) na kukitumia, na mwili uimarishwe kwa uzito wake mwenyewe: kuchuchumaa, pushapu, kupanda hatua kwa mguu mmoja. Zoni, mipango ya mashambulizi na vyuma vya gimu, vyote chini ya msimamizi, vije 17 na 18. Timu za vyuo vikuu vya karibu, Maseno, Masinde Muliro (MMUST) au Egerton, zinafaa kualikwa kwa mazoezi ya pamoja ili hawa wakubwa waone kasi inayowangoja.

Mtoto anayekua kwa kasi hupotewa na mwili wake. Anajikwaa, anakosa layapu rahisi, anapunguza mbio. Ndipo makocha wengi wanamtoa kikosini, miezi michache kabla hajatulia. Mpunguzie mizunguko ya kuruka, mwongezee kudunda na kupasi, na mwambie kinachotokea. Maumivu kwenye kinundu kilicho chini ya pia ya goti, yanayozidi akiruka na kutulia akipumzika, ni ya kawaida wakati huu. Apunguze kuruka, abandike barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15, na akichechemea apelekwe kliniki. Kukandwa kwa nguvu hakumsaidii. Wasichana wana hatari kubwa zaidi ya kuchanika kano za ndani ya goti wanapotua magoti yakiwa yameingia ndani, na ndiyo maana zile dakika 12 za kutua haziondolewi hata mvua ikichelewesha mazoezi.

Hesabu saa zote: shule, klabu, kaunti, na kikapu cha watatu. Kwa juma zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 14 asipite saa 14, na apumzike siku moja kamili, ikiwezekana mbili. Tatizo ni kwamba kila kocha huhesabu zake tu. Mpe mchezaji daftari dogo aandike mwenyewe, na mkutane na walimu wake kabla ya muhula kuanza.

Kisumu fanya mazoezi kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kakamega na Kisii mvua ya alasiri huja na radi: ukisikia ngurumo, ondoa watoto uwanjani, wasikae chini ya mti, na mrudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Saruji iliyolowa haichezewi. Nakuru iko juu zaidi, karibu mita 1,850, kwa hiyo timu ya kutoka ziwani ipewe zamu fupi siku ya kwanza huko.

Aliyekula githeri saa saba hana kitu mwilini saa kumi na nusu. Ndizi mbili au kiazi kitamu na kikombe cha uji kabla ya kuanza kitamfaa kuliko kinywaji chochote cha chupa, na kila mtoto awe na chupa yake ya lita moja ya maji.

Wasichana wengi huacha kikapu wakiwa sekondari. Sababu nyingi ziko mikononi mwako: mazoezi yanayoisha giza limeingia, safari isiyo na mwalimu wa kike, sodo zisizokuwepo kwenye sanduku la huduma ya kwanza, kaptura za kubana zilizochaguliwa na mwanamume. Mtu mzima asiwe peke yake na mtoto chumbani wala garini, na namba 116, ya bure ya msaada kwa watoto, iandikwe kwenye kadi ya kila mchezaji.

Shule zitakuja kuwataka. Mwenye kipaji ataahidiwa karo, na mzazi atakuuliza. Mshauri aulize mambo matatu kabla ya kuhamisha: karo inalipwa kwa miaka mingapi na imeandikwa wapi, nini kinatokea akiumia, na atacheza au ataketi nyuma ya wakubwa watano. Usipokee chochote katika shughuli hiyo.

Mapitio

Kila Desemba rudia mchujo, na wa kuitwa kwanza wawe wale waliokosa Agosti. Angalia faili: nani amekua, nani alifanya yale mawili aliyoambiwa, nani ametoweka na kwa nini. Watu wanne au watano wakibadilishana kati ya orodha mbili kila mwaka, milango iko wazi kweli. Asipobadilika hata mmoja kwa miaka miwili, hukuwa na orodha ya pili. Faili liwe na nakala mbili, moja kwako na moja kwa ofisi ya michezo ya kaunti, kwa sababu makocha huhamishwa, na atakayekuja asianze tena kwa kutafuta mrefu kuliko wote.